Tyubu 48 za ofisini: tubadilishe zote ziwe LED, au tusubiri?

"Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ndogo ya uwakala wa forodha hapa Tanga mjini. Tumepanga ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani, si mbali na bandari, na mkataba wetu umebakiza miezi 14. Darini kuna fitingi 24 za tyubu mbili mbili za futi nne, zile zenye stata. Fitingi 18 ziko vyumba vya kazi na zinawaka kutwa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Jumamosi hadi saa saba mchana. Sita zilizobaki ziko stoo, vyooni na jikoni. Tangu meli zianze kufunga gatini kazi zimeongezeka, na LUKU inakula kama laki sita kwa mwezi, tukiwa na AC nne. Fundi wa kwanza kasema tung'oe fitingi zote tuweke paneli za LED, 75,000 kila moja pamoja na ufundi, jumla 1,800,000, na bili itashuka nusu. Wa pili kasema tubadilishe tyubu tu, 9,000 moja, na ufundi 5,000 kwa kila fitingi. Bosi anasema tyubu inakula umeme ule wakati wa kuanza kuwaka tu, kwa hiyo tuziache ziwake bila kuzimazima. Na mwenzetu mmoja hataki LED kabisa, anasema zinaharibu macho. Tumsikilize nani?"

Ndugu yangu, nianze na jibu, maelezo yafuate. Badilisha tyubu 36 za vyumba vya kazi kwa njia ya fundi wa pili, ila kwa masharti nitakayokutajia. Paneli za fundi wa kwanza si mbaya, lakini kwa mkataba uliobakiza miezi 14 utakuwa unampambia mwenye nyumba. Taa za stoo, vyooni na jikoni ziache mpaka zife zenyewe. Bosi wako na huyo mwenzenu wa macho nao wana chembe ya ukweli, kila mmoja kwa upande wake.

Hiyo "bili itashuka nusu" ndiyo inayouza LED nyingi mjini, na ndiyo inayoleta ugomvi mwezi ukiisha. Fundi hakukudanganya kabisa: umeme wa taa kweli hushuka zaidi ya nusu. Tatizo ni kwamba bili yako haikutengenezwa na taa peke yake. Ofisi kama yenu huwa kwenye daraja la T1 la TANESCO, shilingi 292 kwa yuniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, yuniti moja inakufikia kwa kama shilingi 356. Ndiyo maana umeme wa elfu kumi unakupa yuniti 28 hivi. Kwa bei hiyo laki sita ni kama yuniti 1,685. Sasa tuone taa zinachukua ngapi kati ya hizo.

Tyubu imeandikwa wati 36, na hapo ndipo wengi hukosea. Wati 36 ni za tyubu yenyewe. Ndani ya fitingi kuna choki, lile donge zito la chuma na waya wa shaba, nalo linakula wati 9 hivi zinazoishia kuwa joto tu. Kila tyubu basi ihesabu wati 45. Tyubu 36 za vyumba vya kazi ni wati 1,620. Saa zenu nimezikadiria 240 kwa mwezi, yaani saa kumi kwa siku tano za wiki na saa tano za Jumamosi. Inakuja yuniti 389, kama shilingi 138,500 kwa mwezi. Ukiweka LED za wati 18 zinakuwa wati 648, yuniti 155 na kitu, kama shilingi 55,400. Umeokoa shilingi 83,000 kwa mwezi.

Shilingi 83,000 katika laki sita ni kama sehemu moja ya saba ya bili. Nusu haipo hapo. Mlaji mkubwa wa umeme wenu kwa kweli ni hizo AC nne, na kama bosi anataka bili ishuke kwa kishindo, ahesabu pia milango inayoachwa wazi na chujio zisizooshwa tangu kaskazi iliyopita. Lakini hilo ni swali la siku nyingine.

Kwa upande wa gharama, tyubu 36 kwa 9,000 ni 324,000, ufundi wa fitingi 18 ni 90,000, jumla 414,000. Fedha hiyo inarudi katika miezi mitano. Miezi tisa ya mkataba inayobaki ni yenu.

Sasa chukua hesabu hiyo hiyo uipeleke stoo na vyooni. Tyubu 12 zinazowaka labda saa moja kwa siku ya kazi zinatumia kama yuniti 14 kwa mwezi, shilingi elfu tano hivi. LED zitakuokolea kama shilingi 3,000 kwa mwezi, kwa gharama ya 138,000. Hapo unasubiri karibu miaka minne, na mkataba wenu hauna hata mwaka mmoja na nusu. Tyubu ni zile zile na LED ni zile zile, bei moja, fundi mmoja. Kilichotofautiana ni saa za kuwaka. Mtu akikuuliza kama LED inalipa, muulize kwanza taa yake inawaka saa ngapi kwa siku.

Paneli zinaangukia katikati. Paneli moja ya wati 40 badala ya tyubu mbili inakupa akiba ya kama 77,000 kwa mwezi kwenye fitingi 18, lakini kwa 75,000 kila moja umetoa 1,350,000. Inarudi baada ya miezi 17 na nusu. Ukifunga zote 24 kama fundi alivyotaka, unakaribia miezi 23. Mkataba wenu utakuwa umekwisha zamani, na paneli hizo zimejengewa darini, hutazibeba. Kama mwenye nyumba yuko tayari kuchangia nusu, au kuwakatia kwenye kodi na ikaandikwa, basi hesabu inageuka na paneli zinaanza kuvutia: zinasambaza mwanga vizuri zaidi, na dari linakuwa safi. Bila maandishi, achana nazo.

Kuna akiba nyingine ambayo wauzaji huitaja kwa sauti kubwa, nayo ni ya kweli, ila mimi siiweki kwenye hesabu. Kila wati inayoingia kwenye taa huishia kuwa joto chumbani, na AC ndiyo inayolitoa. Ukiondoa wati 972 za taa, AC imepunguziwa kazi hiyo. AC ya kawaida hutumia takriban wati moja kutoa wati tatu za joto, kwa hiyo unaweza kupata nyongeza inayofika theluthi ya ulichookoa. Lakini inategemea AC inawaka saa ngapi na chumba kinavuja kiasi gani. Ikija, ichukulie kama bahashishi.

Usiamini hesabu zangu pia bila kuzipima. Kwenye mita yenu ya LUKU kuna kitaa kidogo chekundu kinachomwekamweka, na kando yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa yuniti. Mita nyingi huandikwa 1000 imp/kWh, nyingine namba tofauti. Jumamosi baada ya saa saba wenzako wakishaondoka, zima AC, kompyuta, friji na mashine ya kutolea nakala, acha taa za vyumba vya kazi tu. Simama mbele ya mita na saa ya simu, hesabu mimweko kwa dakika moja. Kwa mita ya 1000, wati 1,620 zinatoa mimweko 27 kwa dakika. Ukipata 40, kuna kitu kingine kinakula umeme ambacho hukukizima. Ukipata 20, kuna tyubu zilizokufa ambazo mmeshazizoea. Baada ya kufunga LED rudia zoezi lile lile, inatakiwa uone kama 11. Fundi akiwepo, ni vizuri zaidi.

Nije kwa bosi wako. Ndani ya tyubu kuna gesi kidogo na zebaki kidogo mno, miligramu chache tu. Umeme ukipita, mvuke wa zebaki hutoa mionzi ya urujuanimno ambayo jicho haliioni, na ule unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo unaigeuza kuwa mwanga. Gesi hii ina tabia mbaya: mkondo ukishaanza kupita, ukinzani wake unashuka, mkondo unazidi kupanda, na bila kitu cha kuuzuia tyubu ingeungua papo hapo. Choki ndiyo breki yake. Stata nayo kazi yake ni ya mwanzo tu, inapitisha umeme kwenye nyuzi za ncha mbili za tyubu kwa sekunde moja au mbili ili zipate moto, kisha inakata ghafla, na choki inapokatiwa hivyo inatoa msukumo wa volti unaoiwasha tyubu.

Kwa hiyo kuwasha kunatumia umeme, ndiyo, lakini ni wa sekunde chache. Hauwezi kulingana na tyubu iliyoachwa iwake chumba kitupu saa nzima ya chakula cha mchana. Chembe ya ukweli ya bosi iko kwingine: kila mwasho unabandua kidogo ile dawa iliyopakwa kwenye nyuzi, ndiyo unaona ncha za tyubu zinapiga weusi, na tyubu inayowashwa na kuzimwa mara kwa mara hufa mapema. Kanuni ninayoitumia kwa tyubu za stata ni dakika 15. Ukijua chumba kitakaa kitupu zaidi ya hapo, zima. Kwa LED hakuna cha kusubiri, zima ukitoka mlangoni. Na jengo la zamani kama lenu mara nyingi lina madirisha makubwa; muulize fundi kama mstari wa taa ulio karibu na madirisha unaweza kupewa swichi yake. Hiyo kazi ya saa chache inaweza kuzima theluthi ya taa mchana kutwa, na haidai ununue LED hata moja.

Jambo jingine kuhusu tyubu za zamani ambalo ni la usalama: ile inayopepesa siku nzima bila kushika. Stata inajaribu tena na tena, na kila mara choki inapitisha mkondo mkubwa kuliko wa kawaida. Inapata moto. Usiiache hivyo wiki mbili ukisubiri fundi. Itoe stata, inazungushwa tu na kutoka, lakini zima swichi kwanza.

LED ni jambo tofauti kabisa. Hakuna gesi wala uzi. Ni vipande vidogo vya semikondakta vinavyotoa mwanga wa buluu, vikafunikwa unga wa manjano, na macho yanapokea mchanganyiko kama mweupe. Ile buluu ndiyo iliyowahangaisha wanasayansi kwa miaka mingi. Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuifanikisha. Vipande hivyo vinataka umeme mdogo ulionyooka, wakati ukutani unatoka umeme wa volti 230 unaogeuka mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya kila tyubu ya LED kuna kadi ndogo ya elektroniki inayoubadilisha, mafundi wanaiita draiva. Hii draiva ndiyo roho ya taa, na ndiyo inayokufa.

Boksi litakuambia saa 50,000. Kwa saa zenu hiyo ni zaidi ya miaka 17. Usiipigie mahesabu. Namba hiyo kwa kawaida inahusu vipande vya LED vikifikia kufifia hadi asilimia 70 ya mwanga wa mwanzo, na haisemi draiva itaishi kiasi gani. Ndani ya draiva kuna kapasita ambazo joto huzila: kwa kanuni ya jumla, kila nyuzi joto 10 zikiongezeka, uhai wake unakatika nusu. Kama juu ya dari lenu ni mabati, mchana wa Februari hapa Tanga joto la juu ya dari si la mchezo, na fitingi ya kisanduku kilichofungwa inalizidisha. Ongeza hewa ya chumvi inayokula pini na holda, kisha umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Choki, kwa sababu ni chuma na shaba tu, huvumilia vishindo hivyo. Nimekuta choki zilizopita watumiaji watatu wa chumba kimoja. Draiva ya bei ya chini haina uvumilivu huo. Hapa tyubu za zamani zinaishinda LED, na muuzaji hatakuambia.

Dawa yake si ngumu. Weka kifaa cha kuzuia vishindo vya umeme kwenye meni swichi. Kitasaidia na kompyuta zenu. Nunua tyubu zenye alama ya TBS (shirika la viwango), kwa muuzaji anayekupa risiti na dhamana iliyoandikwa ya angalau miaka miwili. Dhamana ya mdomo ya "ikizingua niletee" haina uzito duka likibadilisha mwenyewe. Na fungua fitingi zilizofungwa, kama mfuniko wake wa plastiki umegeuka manjano, utoe kabisa, unakula mwanga na unafungia joto.

Sasa mwanga wenyewe, maana wengi huokoa umeme wakapata ofisi yenye giza. Tyubu mpya ya wati 36 ya daraja zuri hutoa kama lumeni 3,350, lumeni ikiwa kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa. LED ya wati 18 mara nyingi hutoa kama 1,800 mpaka 2,000. Ukiangalia namba tupu unaona umepoteza. Lakini tyubu inatoa mwanga pande zote, sehemu kubwa inapotea ndani ya fitingi, na kwa joto letu tyubu yenyewe hushuka, kwa sababu imetengenezwa ing'ae zaidi kukiwa na nyuzi 25 hivi. LED inatupa karibu mwanga wake wote chini. Mezani mara nyingi unakuta sawa au zaidi. Dari na sehemu za juu za kuta ndizo zinazobaki na giza, na kwenye jengo lenye dari refu chumba kinaweza kuonekana kimepooza ingawa karatasi inasomeka vizuri. Kwa hiyo boksini usisome wati, soma lumeni. Kwa vyumba vyenu ningetafuta tyubu ya lumeni 2,000 au zaidi. Kipimo kinachotumika sana kwa meza ya kuandika na kusoma nyaraka ni laksi 500, yaani mwanga unaofika mezani. Programu ya simu itakupa makadirio, haitakupa ukweli kamili, lakini inatosha kulinganisha meza ile ile kabla na baada.

Rangi ya mwanga nayo imeandikwa kwa herufi K. Madukani nyingi ni 6500K, nyeupe inayoelekea buluu. Kwa watu wanaokaa na nyaraka saa kumi, mimi hupendekeza 4000K. Ni mapenzi zaidi kuliko sayansi, lakini msichanganye rangi mbili chumba kimoja, mtachoka kuangalia.

Hapa tunafika kwa mwenzenu wa macho. Taa ya kawaida ya dari, unayoitazama kwa mbali, buluu yake ni ndogo kuliko ya anga la mchana analoliona dirishani. Haitamharibu macho. Kinachoumiza kichwa ni vitu viwili. Cha kwanza ni mng'ao wa taa tupu inayopiga jichoni au kwenye kioo cha kompyuta, ambao unatibika kwa kusogeza meza. Cha pili ni kupepesa kusikoonekana. Tyubu ya choki inapepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo huenda tayari anaumwa kichwa kwa hizo hizo anazozitetea. LED nzuri haipepesi kwa kiasi cha kusumbua, LED mbovu inapepesa kuliko tyubu. Kipimo cha dukani ni simu: piga video ya mwendo wa polepole ukielekeza taa iliyowashwa. Ukiona mwanga unazimika na kuwaka kwa nguvu, rudisha hiyo taa kwenye boksi. Kama ameshabadilishiwa taa na kichwa bado kinamuuma, au anaona ukungu, hilo si la fundi tena, aende kwa daktari wa macho pale hospitali ya Bombo.

Sasa masharti ya kazi yenyewe, na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo watu hupigwa shoti. Kuna njia mbili za kufunga tyubu ya LED kwenye fitingi ya stata. Ya kwanza, choki inabaki, unatoa stata ya kawaida na kuweka ile inayokuja na tyubu ya LED, ambayo kwa kweli ni fyuzi yenye umbo la stata. Ni rahisi, na siku ya kuhama mnaweza kurudisha tyubu za zamani na kuondoka na LED zenu. Choki bado inakula wati moja au mbili. Ukisahau stata ya zamani ndani, LED inaweza kuungua. Ya pili, fundi anatoa choki na stata, anapeleka umeme moja kwa moja kwenye holda. Inaondoa kabisa upotevu wa choki, lakini tangu siku hiyo fitingi si ya tyubu tena. Mtu akija miaka miwili baadaye akapachika tyubu ya zamani, hakuna choki ya kuzuia mkondo. Kama fundi atatumia njia hii, abandike karatasi ndani ya kila fitingi: "LED tu, choki imetolewa."

Halafu kuna tyubu za LED zinazopokea umeme upande mmoja, na nyingine zinazopokea laini ncha moja na nyutro ncha nyingine. Hizi za pili ni hatari wakati wa kupachika: ukiingiza ncha moja huku umeme upo, pini za ncha nyingine zinaweza kuwa na moto mkononi mwako. Usikubali mtu apachike kwa kuzima swichi ya ukutani peke yake. Kwenye majengo ya zamani swichi nyingine zimefungwa kwenye nyutro badala ya laini, kwa hiyo taa imezimika na fitingi ina moto. Azime kwenye meni swichi, kisha apime. Dalili moja ya swichi iliyofungwa vibaya ni LED inayobaki ikitoa mwanga hafifu usiku baada ya kuzimwa. Wakati mwingine sababu ni kile kitaa kidogo ndani ya swichi, hicho hakina neno, lakini mwite fundi aangalie.

Mimi kwenu ningechagua njia ya kwanza, stata ya LED na choki ibaki, kwa sababu mnapanga. Muulize fundi wa pili amekusudia ipi. Na 5,000 kwa fitingi kwa kazi ya kubadilisha stata na tyubu ni bei ya kuzungumzika. Kwa kutoa choki na kufunga waya upya ni bei ya haki.

Kuna mazingira ambayo usinunue kitu mpaka fundi mwenye leseni ya EWURA apande ngazi na kufungua fitingi mbili tatu. Holda zikiwa zinavunjika ukizigusa. Waya za ndani zikiwa na ganda la mpira lililokauka na kupukutika, jambo la kawaida kwenye majengo ya umri huo. Fitingi za bati zikiwa hazina ethi. Harufu ya kuungua, au breka ya taa inayoanguka mvua ikinyesha. Hapo apime insulesheni kwa mega, yaani kifaa kinachoonyesha kama ganda la waya linavujisha umeme, na gharama hiyo ni ya mwenye nyumba, si yenu. Ofisi iliyoungua haikumbuki ilikuwa inaokoa yuniti ngapi.

Mtaniuliza kama kusubiri kuna faida. Kwa vyumba vya kazi, hapana. Chini ya Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania ni mwanachama, nchi zimekubaliana kusitisha utengenezaji, uingizaji na usafirishaji nje wa tyubu hizi ifikapo mwisho wa 2027. Hakuna atakayekuja kung'oa zenu, lakini madukani zitapungua. Hiyo ndiyo hoja nzuri ya kumpelekea mwenye nyumba anayebisha.

Tyubu 36 mnazotoa zina zebaki, kwa hiyo zisitupwe kwenye pipa la mtaani wala wasipewe watoto kuchezea. Zenye uhai zitawafaa stoo na vyooni, na hizo zitakutosheni kwa muda mrefu. Zilizokufa zirudishwe kwenye maboksi ya LED mpya, zihifadhiwe zima, na muulize halmashauri ya jiji au mamlaka ya taifa ya mazingira ni nani mwenye kibali cha kupokea taka hatarishi. Moja ikivunjika, fungueni madirisha, watu watoke robo saa, kisha okoteni kwa karatasi ngumu na kitambaa kilicholowa. Ufagio unatawanya.

Kwa kuanzia, nunua tyubu nne tu. Mbili zifungwe kwenye chumba chenye joto kuliko vyote, mbili juu ya meza ya huyo mwenzenu bila kumwambia. Ziwake mwezi mzima. Zikivuka salama, nunua 32 zilizobaki kwa jina lile lile na duka lile lile, kwa risiti moja. Ukikuta mimweko ya mita haijapungua ingawa zote zimefungwa, niandikie tena, na uambatanishe picha ya ndani ya fitingi moja iliyofunguliwa, umeme ukiwa umezimwa.